Kioo cha Miwani na Kazi ya Mwenye Kuivaa

Mhadhara uliotolewa mjini Likasi mbele ya walimu, mafundi, wafanyabiashara na wazazi

Nimekuja kusema juu ya jambo ambalo watu wengi hulihesabu kuwa dogo. Sikuja kuwafundisha utabibu wa macho, kwa kuwa huo una wenyewe, nao huusomea miaka mingi. Wala sikuja kumsifia muuza miwani yeyote. Kusudi langu ni moja, nalo ni kuwaonyesha kwamba mtu akishaambiwa na mpimaji kuwa macho yake yanahitaji miwani, bado limebaki swali ambalo mpimaji hawezi kulijibu peke yake, yaani ni kioo gani kinachofaa maisha ya mtu huyu. Na jawabu la swali hilo huanzia katika mikono ya mtu na kazi aifanyayo kutwa, kabla ya kufika kwenye ubao wa herufi.

Elimu tunayoizungumza leo ni kongwe. Ibn al-Haytham, mwanachuoni aliyezaliwa Basra na kufariki Kairo yapata mwaka 1040, alieleza katika kitabu chake kiitwacho Kitab al-Manazir kwamba jicho halitoi nuru ya kwenda kuvigusa vitu, kama walivyodhani baadhi ya wanafalsafa wa Kiyunani, bali nuru hutoka katika vitu ikaingia jichoni. Karne mbili na nusu hivi baada yake, mafundi wa Italia walitengeneza miwani ya kwanza, na tangu siku hizo hata leo kazi ya kioo haijabadilika: ni kuipinda nuru ili ikutane sawasawa nyuma ya jicho, mahali ambapo picha hupokewa. Kilichobadilika ni wingi wa vioo tunavyoweza kuchagua, na wingi huo ndio unaowatatiza watu.

Hoja yangu ya kwanza, nayo ndiyo msingi wa zote, ni kwamba kioo huchaguliwa kwa umbali. Nguvu ya kioo hupimwa kwa kipimo kiitwacho diopta, na hesabu yake si ngumu: kioo cha diopta 1 hukusanya nuru itokayo mbali mahali palipo mita 1 kutoka kwake, cha diopta 2 penye nusu mita, na cha diopta 2.5 penye sentimita 40, ambapo ndipo wengi wetu hushika kitabu. Jicho la mtoto wa miaka 10 linaweza kujiongezea lenyewe diopta 12 au zaidi, kwa kuwa lenzi iliyo ndani yake bado ni laini na hubadili umbo kwa wepesi. Lakini lenzi hiyo hukakamaa mwaka baada ya mwaka, hata mtu akifika miaka 40 amebakiwa na diopta 5 hivi, na akifika 60 amebakiwa na 1 tu. Ndiyo sababu ya mzee kuusogeza waraka mbali na uso hadi mkono unafika mwisho. Hilo si ugonjwa, si uchawi, wala si adhabu ya kusoma sana. Ni umri, na humfika fundi asiyejua herufi hata moja sawasawa na umfikavyo profesa.

Sasa tumchukue mzee wa miaka 60 ambaye macho yake huona mbali bila taabu, akaenda kupimwa, akapewa kioo cha diopta 2 cha kusomea. Kwa kioo hicho atasoma Injili yake vizuri, lakini kila kitu kilicho mbele zaidi ya nusu mita kitaingia ukungu. Ikiwa mzee huyo ni karani mwenye kompyuta iliyowekwa sentimita 70 kutoka usoni, basi kioo alichopewa ni sahihi kwa jicho lake na si sahihi kwa kazi yake, naye atakaa siku nzima ameinamia meza, shingo ikimuuma, akiamini kuwa miwani ni mibovu au kwamba macho yake yanazidi kuharibika.

Namjua mama mmoja mshonaji wa mtaa wa Kikula aliyekuwa katika hali hiyo hasa. Miwani yake ilimfaa alipokaa kwenye cherehani, akatunga uzi bila kukisia na kufuata mshono mpaka mwisho. Lakini alipoinuka kukata kitenge juu ya meza, akiwa amesimama, mstari wa chaki ulimpotea, akawa anakunja mgongo mpaka pua ikaribie mkasi. Tulichukua uzi wake mwenyewe, tukaushika juu ya pua, pale miwani inapokaa, tukaunyosha mpaka kwenye sindano ya cherehani na kupiga fundo. Kisha tukaunyosha mpaka mezani na kupiga fundo la pili. Fundo la kwanza lilikuwa penye sentimita 40, la pili penye 65. Mafundo yale mawili yalimweleza mpimaji mambo ambayo mama yule hakuweza kuyaeleza kwa maneno, na akatengenezewa miwani ya nguvu mbili, ambayo juu ina nguvu ya meza na chini ina nguvu ya sindano. Nawasihi, kila mmoja wenu kabla ya kwenda kupimwa afanye vivyo hivyo nyumbani, amwombe mtoto amshikie uzi, naye akae au asimame kama afanyavyo akiwa kazini, si kama akaavyo mbele ya mgeni.

Kila kazi ina mafundo yake. Fundi wa umeme anayefunga nyaya juu ya kichwa chake hafaidiki na kioo ambacho nguvu ya karibu imewekwa chini, kwa maana itambidi akiinue kidevu mpaka shingo ipinde. Yeye huhitaji nguvu hiyo juu, na vioo vya namna hiyo vipo, ila lazima viagizwe kwa makusudi. Mpiga kinanda wa kanisani husoma noti zilizo mbali kuliko kitabu cha sala. Nao wale wabadilishaji fedha wanaokaa kando ya barabara, mbele yao marundo ya faranga, wao wana kazi mbili kwa dakika moja: kuitazama noti ya dola pembe kwa pembe, kwa sababu penye mpasuko mdogo hata wa ukucha haitapokelewa, na papo hapo kuutazama uso wa mteja na mikono yake. Naona mama wawili kule nyuma wanatikisa kichwa; wao hulijua jambo hilo kuliko mimi. Kwa kazi yao, miwani ya nusu-kioo inayokaa chini ya pua, au kioo chenye sehemu mbili, hufaa kuliko kioo kizima cha kusomea, ambacho humfanya mteja aonekane kama mtu aliye nyuma ya moshi.

Wapo watakaouliza kama tofauti hiyo ina thamani ya fedha. Mwaka 2018 jarida la utabibu la The Lancet Global Health lilichapisha uchunguzi uliofanywa Assam, huko India, kwa wachuma chai 751 wenye miaka 40 na zaidi, ambao walikuwa wakichuma kwa macho yaliyochoka. Nusu yao walipewa miwani ya karibu, nusu nyingine wakangojea. Ongezeko la majani waliyochuma waliopewa lilizidi lile la wenzao kwa takriban asilimia 21.7, yaani kilo 5 na zaidi kwa siku. Kazi ile haina maandishi hata kidogo. Ni kidole na chipukizi. Basi asije mtu akasema kwamba miwani ya karibu ni ya wasomi.

Hoja ya pili inahusu vioo vyenye nguvu zaidi ya moja. Benjamin Franklin, aliyekuwa balozi wa Marekani nchini Ufaransa, aliandika mwaka 1785 kwamba miwani yake ya sehemu mbili ilimwezesha kuona chakula kilicho mbele yake na pia nyuso za waliokaa ng'ambo ya meza, na kwamba kwa kuziona nyuso na midomo ya wasemaji alikielewa Kifaransa vizuri zaidi. Hilo ni jambo ambalo sisi wa nchi hii, tunaofanya kazi kwa lugha nne kwa siku moja, hatuna haja ya kufafanuliwa. Mwaka 1959 Mfaransa Bernard Maitenaz akatoa kioo ambacho nguvu yake huongezeka pole pole toka juu mpaka chini bila mstari, nacho kikaenea ulimwenguni kote. Ni kioo chema kwa mwalimu, ambaye hutazama ubao, kisha nyuso za wanafunzi, kisha daftari, na kwa mhubiri na mwanasheria kadhalika.

Walakini nitawapa rai yangu bila kuficha. Kioo kisicho na mstari kinataka mboni za macho zipimwe kwa milimita, upana wake na kimo chake ndani ya fremu ile ile atakayoivaa mtu, kwa kuwa njia ya kuona vizuri ndani yake ni nyembamba, na kando zake mna ukungu. Kikikatwa kwa haraka au kwa kukisia, mwenye kulipa hulipa bei kubwa akapata kizunguzungu. Mahali ambapo vipimo hivyo havichukuliwi kwa uangalifu, afadhali mtu anunue miwani miwili ya kawaida, mmoja wa kazini na mmoja wa njiani, kwani hata seremala hakati gogo kwa randa. Na kwa yule anayepanda ngazi za chuma viwandani, au anayeshuka mashimoni, kioo chenye nguvu ya karibu upande wa chini ni hatari dhahiri: anapotazama hatua yake huitazama kupitia kioo cha kusomea, na kidato cha ngazi huonekana pasipo mahali pake. Huyo avae kioo cha nguvu moja cha mbali anapopanda na kushuka, hata kama nyumbani ana kingine.

Hoja ya tatu ni juu ya kile ambacho kioo kimetengenezwa nacho, na hapa mji wetu una mambo yake. Likasi imeishi kwa shaba na kobalti tangu siku ilipokuwa ikiitwa Jadotville, na kiwanda cha Shituru kimekuwa kikisafisha shaba kwa asidi na umeme tangu mwaka 1929. Kwa hiyo hatuzungumzii macho ya watu wanaoishi kwenye mazulia. Kioo halisi hakikwaruziki kwa urahisi na hakiathiriwi na dawa nyingi, ila ni kizito, na kikipigwa na kipande cha mawe huvunjika, vigae vikaelekea jichoni. Plastiki ya kawaida ya miwani, iliyoanza kutumika miaka ya 1940, ina karibu nusu ya uzito wa kioo, nayo yatosha kwa ofisi na darasa. Plastiki iitwayo polikaboneti ndiyo ngumu kuvunjika kupita hizo, na kwa mponda mawe, mchimbaji, fundi wa mashine ya kusagia chuma na kijana anayecheza mpira, mimi sioni nyingine ya kumshauri. Lakini uso wake hukwaruzika upesi, kwa hiyo lazima iwe imepakwa tabaka gumu, na isisafishwe kwa asetoni wala kwa dawa ya kuondolea rangi. Tena fahamuni kuwa miwani ya kuonea, hata iwe ya polikaboneti, haizibi pembeni. Penye matone ya asidi na penye vipande virukavyo, mtu avae ile ya kinga inayofunika jicho lote, ambayo huweza kuvaliwa juu ya miwani yake.

Kisha kuna vumbi. Kuanzia mwezi wa Mei mpaka mvua zirudi, vumbi jekundu la barabara zetu hukaa juu ya kila kitu, na ndani yake mna chembe za mchanga zilizo ngumu kuliko plastiki yoyote. Mara ngapi mmemwona mama akiivua miwani yake, akaipuliza, kisha akaifuta kwa ncha ya kitenge? Wakati ule ule anaikwaruza, na baada ya msimu mmoja kioo kimekuwa cheupe kama jicho la samaki aliyepikwa. Kwanza kimwagieni maji, hata kikombe kimoja tu, vumbi liondoke. Kisha povu la sabuni kwa ncha za vidole. Kisha maji tena. Mwisho kitambaa cha pamba kilicho safi. Kikombe hicho cha maji huongeza umri wa kioo kuliko tabaka lolote litakalouzwa.

Ya nne ni habari ya jua na rangi. Mji wetu umekaa karibu mita 1,300 juu ya bahari, nyuzi 11 hivi kusini ya Ikweta, na kila mita 1,000 za kupanda huongeza miale ya urujuanimno kwa takriban asilimia 10. Miale hiyo haionekani, lakini kwa miaka mingi huchangia mtoto wa jicho na ile nyama inayoota toka pembeni ya jicho ikielekea mboni, ambayo mmeiona kwa wakulima na wavuvi. Watu hudhani kwamba kioo kikiwa cheusi zaidi kinakinga zaidi. Sivyo: weusi hupunguza mwanga unaoonekana tu, na kinga ya urujuanimno ni sifa nyingine kabisa, ambayo kioo cheupe chaweza kuwa nayo na cheusi kikaikosa. Cheusi kisicho na kinga huifanya mboni ifunguke wazi zaidi, na miale ikapata mlango. Tafuteni alama ya UV400, na penye shaka mwombeni muuzaji au mpimaji mwenye mashine akipime mbele yenu.

Madereva wa malori mnaokwenda Kolwezi na Lubumbashi, nanyi nina neno lenu. Vioo vya jua hupangwa kwa daraja toka 0 mpaka 4: daraja la 3 hupitisha mwanga wa asilimia 8 hadi 18, nalo latosha kwa mchana wetu, lakini la 4 hupitisha asilimia 3 hadi 8 tu, na halifai kuendeshea gari kabisa. Kile kioo kinachogeuka cheusi chenyewe juani, ambacho ni kizuri kwa mtembea kwa miguu, ndani ya gari hakigeuki ipasavyo, kwa sababu kioo cha mbele cha gari huizuia ile miale inayokigeuza. Na usiku, msivae kioo chenye rangi yoyote, hata ile ya njano inayosifiwa njiani. Kila rangi hupunguza mwanga, na usiku hakuna mwanga wa kupunguzwa.

Kwa mafundi wa kuchomelea nitasema kwa msisitizo. Miwani ya jua si kinga ya moto wa umeme, hata ikiwa mieusi namna gani. Kioo cha kuchomelea kina namba zake: kwa gesi huwa 5 au karibu na hapo, na kwa umeme aghalabu 10 au zaidi, nacho hukaa ndani ya ngao inayofunika uso. Vijana mnaofumba jicho moja na kugeuza uso kando, yale maumivu ya usiku kama ya mchanga machoni ni ngozi ya jicho iliyoungua. Wafanyakazi wa matanuri nao wana historia yao: ugonjwa wa mtoto wa jicho wa wafua vioo ulijulikana zamani sana, na mwaka 1914 mwanasayansi Mwingereza William Crookes alichapisha matokeo ya majaribio yake ya kutafuta kioo kitakachozuia joto lisiloonekana. Kile kioo cha rangi ya samawati kilichotumiwa na mafundi wa matanuri kutazamia moto hupata rangi yake kwa kobalti, madini ya ardhi hii yetu. Hupunguza ule mng'aro wa manjano mtu akaona ndani, lakini si kinga ya kutosha dhidi ya joto, na asiyeambiwa hilo hutazama muda mrefu akidhani yu salama.

Hoja ya tano nitaipita upesi. Vijana wanauziwa vioo vya kuzuia mwanga wa bluu wa simu, kwa bei ya juu. Mwaka 2023 wachunguzi wa shirika la utafiti wa tiba liitwalo Cochrane, waliozikusanya tafiti nyingi pamoja, hawakuona kwamba vioo hivyo vinapunguza uchovu wa macho ukilinganisha na vioo vya kawaida. Fedha hiyo wekeni katika kipimo kizuri, na macho yapumzisheni kwa kutazama mbali mara kwa mara.

Ya sita, na ya mwisho, ni ya wazazi. Miwani ya tayari inayouzwa sokoni, iliyo sawa macho yote mawili, yaweza kumfaa mtu mzima wa makamo anayeona mbali vizuri. Mimi siikatazi, maana mwenye fedha kidogo naye ana haki ya kusoma. Lakini kwa mtoto haifai, kwa kuwa macho yake mara nyingi hayalingani, na wengine wana jicho ambalo mviringo wake hauko sawa pande zote, ambalo kioo cha sokoni hakilijui. Mwalimu anaweza kufanya jaribio dogo: atoboe karatasi ngumu kwa msumari mwembamba, mtoto atazame ubao kwa jicho moja kupitia kitundu hicho. Ikiwa herufi zilizokuwa na ukungu zinakuwa wazi, yaelekea miwani itamsaidia. Zisipokuwa wazi, huenda kuna maradhi ndani, na apelekwe kwa daktari wa macho bila kungoja likizo.

Mheshimiwa Mwenyekiti, mwaka 2021 mkutano mkuu wa Shirika la Afya Duniani uliweka lengo kwamba ifikapo 2030 sehemu ya watu wanaohitaji miwani na wakawa wamepata inayowafaa iongezeke kwa pointi 40 za asilimia. Lengo hilo haliwezi kufikiwa Geneva, kwenye makao ya shirika hilo. Hufikiwa darasani na kazini. Kwa hiyo naleta mbele yenu mapendekezo mawili. Shule zitakapofunguliwa mwezi wa Septemba, kila mwalimu wa darasa la kwanza na la sita apime umbali wa mita 6 toka kwenye ubao wa herufi, awajaribu watoto wake jicho moja moja, na orodha ya walioshindwa aipeleke kwa mkuu wa shule kabla ya mwisho wa mwezi. Na wakubwa wa karakana, viwanda na vyama vya wachimbaji waliomo humu ndani, kila mmoja aandike kazi za watu wake na umbali wa kila kazi, kwa sentimita, karatasi hiyo impe mfanyakazi siku anapokwenda kupimwa. Karatasi za mfano ziko mlangoni, na mimi nitakaa hapa mbele mpaka taa zizimwe kwa ajili ya wenye maswali.